Kabla hujashika mashine, angalia buti zako

Juzi kuna dada kaniandikia inbox, yuko mwaka wa pili anasoma akiolojia, anataka kwenda Ulaya ya kaskazini kwenye survey ya viwanja vya mabaraza ya Waviking na makanisa ya zamani. Ananiuliza, "kaka, nijifunze mashine gani kwanza?" Nikacheka, maana ujuaji wa mashine ndio ulioniaibisha Iceland.

Nilienda kule na mdomo. Nilishapita Kilwa na Kaole, nikajiona magofu nayajua. Sasa fika Thingvellir, baraza lao la Althing lilianza kukutana hapo mwaka 930 mpaka 1798, halafu huoni ukuta hata wa kuegemea! Vibanda vya wajumbe vimebaki matuta matuta chini ya nyasi, ukipita haraka umeviruka.

Aibu yenyewe ilinikuta kwenye shamba moja kaskazini, tunatafuta uzio wa duara wa kanisa dogo. Nikapewa magnetometa, nikatembea mstari kwa mstari kutwa nzima upepo unanichapa, jioni tunafungua laptop, picha yote milia kama pundamilia. Supavaiza akaniangalia miguuni mbele ya watu wote. Buti za sefti, zina chuma! Mashine inasoma usumaku, mawe ya kule ya volkano yenyewe tayari yanaisumbua, na mimi nimeiongezea. Hakunigombeza, alicheka tu. Bora angenigombeza, ningeshasahau.

Kesho yake nikapewa bomba la kuchomoa udongo, kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Kumbe ndiko kwenye utamu. Althing ilipokea Ukristo kama mwaka 1000, na mwaka 1104 volkano ya Hekla ikamwaga majivu meupe. Kwa hiyo kaburi la Kikristo likiwa limefunikwa na majivu hayo na shimo lake halijayakata, huyo mtu kazikwa ndani ya ile miaka mia tu, na umejua ukiwa umepiga magoti kwenye tope. Siku nilipochomoa nikaona mstari mweupe umetulia juu ya udongo wa ukuta uliojengwa kwa mabonge ya udongo wenye nyasi na ukaanguka, yaani ukuta ulishaanguka kabla ya majivu, nilipiga kelele kondoo wakakimbia. Supavaiza safari hii hakucheka, akasema chomoa lingine.

Mnapenda mno mashine nyie wadogo zangu. Tembea kwanza kwa miguu, tembea jua likiwa chini, kivuli kitakuonyesha tuta ambalo mchana halipo. Sikiliza na majina: Thingvellir, Tingwall ya Shetland, Dingwall ya Scotland, yote asili yake moja, uwanja wa baraza. Tembea, nasema tena, mashine itakukuta.

Na buti dada, chukua za mpira zisizo na chuma, mkanda vua, funguo acha kwenye gari. Zangu za sefti nilimwachia mwenye shamba, zilimtosha kabisa.