Kwa wenyeviti wapya wa AMCOS: siku wanachama watakapokukataa

Ninyi mliochaguliwa kuongoza vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima wa korosho (AMCOS) huku Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hongereni. Nataka niwaambie mapema jambo ambalo semina nyingi hazigusi: wanachama wanaweza kukuangusha hata kama huna kosa.

Mimi mkutano mkuu uliniondoa baada ya malipo ya mnada mmoja kuchelewa. Korosho zilishafika ghala kuu, stakabadhi za ghala zipo, aliyechelewa ni mnunuzi. Lakini mkulima hamjui mnunuzi. Anayemjua ni wewe uliyesimama kwenye mzani wakati gunia lake linapimwa.

Cheo hakikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu mwongozo, kabla ya kugombea na moyo ukatulia. Nilipoangushwa nikawa naswali, ila dua hazinitoki.

Kilichoninyanyua ni darsa la msikitini kuhusu vita vya Uhud. Mwaka wa 3 Hijria, wengi wa wapiga mishale waliacha kilima walichopangiwa, na Waislamu wapatao 70 wakauawa. Aya ya 159 ya Aal Imran, iliyoshuka kuhusu tukio hilo, inamwagiza Mtume (S.A.W.) awasamehe, awaombee maghufira na ashauriane nao, akishaazimia, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Tazameni mpangilio huo, ndugu zangu. Kutawakali kumekuja mwisho, baada ya kukaa tena na watu walewale. Mimi nilikuwa natafuta tawakali ya kujifungia ndani, na hiyo sikuipata.

Kwa hiyo yakikufika, kabidhi ofisi kwa maandishi mbele ya bodi: funguo, mizani, daftari la mapokezi, nakala za stakabadhi, orodha ya akaunti za benki za wakulima. Orodha hiyo ipitie jina kwa jina. Tarakimu moja ikikosewa, fedha ya mtu inakwama na fitina inaanza upya. Mkabidhi aliyekushinda hata kama alikusema vibaya kwenye kampeni.

Halafu rudi shambani. Wakati wa kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kazi inataka alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Ukitoka kuswali unaingia moja kwa moja kwenye mikorosho, na maneno ya vijiweni yanakupita. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi hukimbilia mjini Lindi au Mtwara kujificha, na wakirudi aibu imekuwa kubwa kuliko walivyoiacha.

Msimu ukifunguliwa, peleka korosho zako kwenye chama kilekile na upange foleni. Watu wa kangomba, wanaonunua korosho kinyemela nje ya chama, watakufuata wakijua una hasira. Wakatalie. Na mkutano mkuu usiukose. Ukiingia utaona watu wanashusha sauti. Toa salamu, keti. Mwenyekiti akikwama kwenye makato ya msimu uliopita, nyosha mkono umweleze kwa adabu. Mimi nilifanya hivyo, na usiku ule niliomba dua ndefu bila kujilazimisha.

Sijagombea tena, na sipimi kupona kwangu kwa kugombea.

Wewe uliyeingia ofisini juzi, mpigie simu mzee uliyempokea kiti. Muulize kuhusu madeni ya pembejeo na wanachama wasioelewana, kisha muulize na hali yake. Huenda tangu siku ya kura hakuna aliyemuuliza.