Kwa Wanaoanza Kazi ya Kurejesha Misitu ya Asili Kanda ya Ziwa

Mtaalamu kijana wa ikolojia ya mimea anapopangiwa kazi ya kurejesha msitu wa asili katika wilaya za Misungwi, Kwimba au Magu, mara nyingi huulizia kwanza kitalu na idadi ya miche. Ningemshauri aanze na visiki. Sehemu kubwa ya ardhi ya Usukuma inayoonekana kuwa tupu ilifyekwa miti, ama kwa ajili ya kuwaondoa mbung'o wakati wa ukoloni, ama kupisha mashamba ya pamba, ama kwa kuni na mkaa, lakini mara nyingi mizizi bado ina uhai. Ukiinama kwenye nyasi fupi za mwezi Agosti, utaona machipukizi ya urefu wa kiganja ambayo mbuzi huyatafuna kila mwaka. Ukichagua mawili au matatu yaliyonyooka, ukapogoa mengine na kuyakinga na mifugo na moto, kwa kawaida yataupita mche wa kitalu kwa sababu yanalishwa na mizizi iliyokwisha kukomaa.

Ushahidi uko jirani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulipata mafanikio makubwa ulipopunguza kutegemea upandaji wa miche na kurudi kwenye ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Kwa hiyo, ukifika kijijini, waamkie wazee na wachungaji, kisha waombe wakutembeze, kwani wao ndio wanaojua ngitili za zamani zilikuwa wapi na ni mti gani ulioanza kutoweka.

Jifunze kuutambua mti usio na maua wala majani, kwa gome lake na utomvu wake. Mninga, kwa mfano, ukikatwa hutoa utomvu mwekundu. Sampuli za mimea unazozikausha kati ya magazeti ziandikie papo hapo mahali, aina ya udongo na jina la Kisukuma. Udongo usiupuuze: miti inayostawi kwenye luseni, ule mchanga wa miteremko, haitastahimili mbuga nyeusi, yaani udongo mzito wa mfinyanzi unaotuamisha maji, ambako migunga ndiyo yenye nafasi.

Jambo linalonigusa kuliko yote ni tathmini za haraka. Sehemu ya juu ya mche wa mninga hukauka kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukiendelea kunenepa chini, kwa hiyo anayehesabu mwezi Septemba ataandika kuwa mche umekufa ilhali utachipua mvua zikianza. Tenga vipande vya ardhi vya kudumu vya kupimia, viwekee alama, pima vipenyo vya miti kwenye kimo cha mita 1.3, na urudi msimu uleule kila mwaka. Kabla ya kukubali mradi wowote, uliza kama bajeti yake ina fedha za kurudi kupima baada ya miaka mitano. Kama hazimo, omba ziingizwe kabla mche wa kwanza haujapandwa.