Mkuu, hicho kipindi cha Ijumaa usikirushe kwanza

Umeandika kwamba unaanzisha podikasti, ukauliza maiki, matangazo na mengine. Maiki weka pembeni. Nimekwama kwenye mstari wako wa tatu: "Mgeni wa kwanza nishamrekodi, kawataja watu kwa majina, ni moto, Ijumaa narusha, na safari hii hakuna mhariri wa kuniulia stori." Tumbo limenivuruga. Maneno hayo hayo niliyasema mimi siku niliyorudisha kitambulisho cha gazeti baada ya miaka tisa.

Hao waliotajwa umewapigia simu? Umeandika aya sita, hilo hulisemi.

Mgeni wangu mimi alikuwa mkusanya marejesho wa kampuni ya mikopo, hii ya riba ya kuumiza tunayoiita kausha damu. Alisimulia saa moja na dakika ishirini: walivyobeba friji za watu, walivyoshika hati ya nyumba ya mjane mmoja Mbagala, simu za vitisho usiku wa manane. Akamtaja mwenye kampuni kwa majina yake matatu. Nami mwanzoni nilikuwa nimeweka ile sauti ya "maoni ya mgeni si maoni ya kipindi", nikajiona nimejikinga. Ni kama dereva kubandika "abiria chunga mzigo wako" halafu akagonga mtu.

Habari ya mikopo ilikuwa kweli tupu. Jina ndilo halikuwa kweli. Yule bwana alishauza hisa zake miaka miwili kabla ya huyo mjane kukopa. Kumbukumbu za kampuni zipo BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, unaomba, unalipa ada, unasoma. Sikuomba. Na hapa ndipo panaponiuma: namba yake nilikuwa nayo, nilishawahi kumhoji nikiwa gazetini. Sikumpigia kwa sababu niliogopa angeniharibia stori. Sikusahau, mkuu. Niliogopa.

Nilirusha Jumapili, Jumatano barua ya wakili ikafika. Nikafuta kipindi ndani ya saa moja, bure kabisa. Klipu ya sekunde 58, niliyoikata kwa mikono yangu na kuiwekea muziki wa kutisha, ilikuwa imeshafika mpaka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, shangazi akiandika "hongera mwanangu". Kipindi cha kuomba radhi kilipata wasikilizaji mia nne, nadhani nusu yao ni ofisi ya wakili wake. Tulimalizana nje ya mahakama, nikalipa kwa mafungu, gari langu, IST, likaenda. Siku hizi napanda mwendokasi, na nikuambie ukweli, stori za mle ndani ni bora kuliko za studio. Mgeni wangu naye? Simu yake haipatikani mpaka leo.

Sasa yule mtaalamu wa semina ya podikasti, aliyetutoza elfu themanini kila kichwa kwenye ukumbi usio na feni. Alisimama mbele yetu akasema podikasti ni maongezi siyo habari, anayewajibika ni mgeni, wewe umeweka viti tu. Nilipomtumia picha ya barua ya wakili akanijibu na viganja vya kuomba dua. Viganja! Kwenye kesi ya kashfa anayesema na anayesambaza wote wanashtakiwa, na mwenye fedha au gari ndiye anayeandamwa kwanza. Hayo ya "maongezi tu" yalishapitwa tangu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, zilizoandikwa upya 2020. Ukitoa habari na matukio mtandaoni unatakiwa uwe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Bado Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16: kuchapisha uongo ukijua ni uongo, kwa nia ya kumchafua mtu, ni faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote. Usijifariji na hilo neno "ukijua". Barua ikishakufikia na klipu bado umeiacha hewani, hakimu utamwambia hukujua nini?

Unakumbuka tulivyokuwa tunaicheka ile sentensi ya gazetini, "alipotafutwa, simu yake iliita bila kupokelewa"? Nyuma yake palikuwa na mhariri, mwanasheria wa kampuni na akaunti ya kampuni. Nyumbani una mke anayeuliza feni uliyoizima ili urekodi atawasha saa ngapi.

Kwa hiyo anayetajwa apigiwe kabla hujarusha. Asipopokea, mwandikie ujumbe ukimweleza kila tuhuma inayomhusu, siyo "nina maswali machache", mpe muda wa kujibu, tunza nakala. Akijibu, jibu lake liingie kwenye kipindi hicho hicho, siyo wiki ijayo. Rekodi nzima ambayo haijakatwa usiifute hata kama simu imejaa. Mimi nilifuta ili nipate nafasi ya kupakua mechi, na yule mgeni alipodai nilimkata maneno sikuwa na cha kuonyesha.

Uliuliza na mambo ya maiki. Nilinunua ya laki mbili, nikatundika blanketi dirishani, inatosha. La matangazo watakujibu wengine, mimi mtangazaji wangu pekee alikuwa muuza magodoro na alikimbia Alhamisi ile ile. Kulikuwa na swali jingine, nadhani la kuacha kazi, nimelisahau.

Huyo aliyetajwa zaidi kwenye hicho kipindi chako, namba yake unayo?