Sikurudi, mwanangu: niliolewa upya

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nimejifungia chumbani ili baba yako asisikie. Unauliza: "Mama, ulivyorudi kwa baba, ulikuwa unampenda au ulitufanyia sisi?" Na nyuma ya swali hilo kuna lako: mumeo aliyekupa talaka moja kabla ya Ramadhani sasa amekuandikia kwenye simu "nimekurejea", nawe hujui umerejewa au unachezewa.

Nianze na langu. Sikurudi. Watu husema "alirudi" kama vile nilikuwa mbuzi aliyekata kamba. Niliolewa upya, kwa posa na kwa mahari, na ndipo penye kisa chote.

Ulikuwa na miaka 9 baba yako alipouza cherehani yangu ya mkono alipe deni la ndugu yake. Hakuniambia. Nimetoka soko la Mgandini na kapu kichwani, naingia ndani, meza tupu, ina doa tu la mafuta pale ilipokaa mashine. Nikasema maneno, mengine siwezi kukuandikia. Naye akachana ukurasa wa daftari lako la hesabu akaandika talaka moja. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Upande wa pili kuna hesabu zako za kuzidisha. Saba mara nane umeweka hamsini na nne.

Kidini mke wa talaka moja hukaa eda nyumbani kwa mumewe, huenda hasira zikashuka wakasikilizana. Kwetu Tanga mwanamke anafungashiwa vyombo kabla ya Magharibi, na mimi sikungoja kufungashiwa. Nikawachukua, tukahamia kwa bibi yako Ngamiani. Katika siku zile za eda baba yako angeweza kusema neno moja tu, "nimemrejea mke wangu", nikawa mkewe, nitake nisitake. Hakusema. Alikuwa akipita mbele ya nyumba na baiskeli, shingo imekakamaa utadhani amevaa plasta. Siku eda ilipokwisha nililia. Baadaye sana ndipo nilipoona kuwa kiburi chake kilinifaa: mlango sasa ulikuwa na komeo, na komeo liko upande wangu.

Mwaka wa tatu akaanza kuja kununua vitumbua. Unakumbuka nilikuwa nakaanga barazani kwa bibi yako tangu alfajiri. Mwanamume yule ambaye hakuwahi kushika foleni maishani alisimama nyuma ya watoto wa shule na sahani yake ya bati. "Vitano." Akalipa, akangoja chenji, akaenda zake. Kesho yake tena. Karibu miezi miwili hakusema zaidi ya "vitano" na "asante". Siku moja nikampa kilichoungua makusudi. Akakigeuza, akakitazama, akakila palepale nimwone. Bibi yako akacheka nyuma ya pazia mpaka akakohoa.

Kisha akaleta posa. Mjomba wako, ndiye alikuwa walii wangu, yaani mwenye haki ya kuniozesha, kwa kuwa babu yako alishafariki, akaapa: huyu hamuoi tena dada yangu. Tukaenda kwa sheikh. Sheikh hakugombana naye, alimsimulia tu habari ya sahaba Maaqil bin Yasar. Alimwoza dada yake, mume akamwacha, eda ikaisha, kisha yule mume akaja kuposa tena. Maaqil akaapa hampi. Ndipo ikashuka aya ya 232 ya Suratul Baqara, kwamba msiwazuie kuolewa na waume zao wakiridhiana kwa wema. Maaqil akamwoza. Mjomba wako akainamisha kichwa. Mimi nilishika neno jingine katika kisa kile: yule dada naye alikuwa anamtaka.

Basi jibu lako ndilo hilo. Nilikuwa namtaka. Kama ingekuwa ni kwa ajili yenu ningekwenda mwezi wa kwanza, maana mdogo wako alilia kila usiku na sikwenda.

Mahari nilitaja cherehani. Taslimu, si ya kukopa, na iingie chumbani kwangu kabla ya nikaha. Akaileta kwenye keria ya baiskeli, amefunga kwa mpira wa tairi. Nikakata kipande cha kanga, nikashona mshono mmoja mbele yake na mbele ya mjomba wako. Uzi ukafumana chini. Nikamwambia mashine hii mbovu, ipeleke kwa fundi. Akaifunga tena, akaondoka. Siku ya pili yake karejea, akaishona mwenyewe kwanza nione. Mstari umepinda, lakini uzi umekaa. Nikasema ndiyo.

Usidhani alirudi malaika. Mwezi wa nne tu tuligombana kwa pesa zangu za mchezo wa upatu. Nikamwona anafungua mdomo, anaufumba, anatoka barazani. Alikaa huko mpaka taa za jirani zikazimwa. Alijua, na mimi nilijua, kwamba ndoa mpya haifuti hesabu ya zamani: moja imekwenda, zimebaki mbili.

Sasa lako. Chukua kalenda uhesabu twahara zako, yaani vipindi vya usafi kati ya hedhi na hedhi, tangu siku ya talaka mpaka siku aliyoandika ule ujumbe, uzipeleke tarehe kwa sheikh, usione haya, hao wamezisikia nyingi. Kama alikuwahi ndani ya eda, basi amekurejea, wewe ni mkewe, na yaliyobaki ni mazungumzo ya watu wawili wenye nyumba moja. Kama eda ilikwisha hata kwa siku moja, ule ujumbe wake ni salamu tu. Atafute wazee, alete posa, mashahidi wawili na mahari, asikie kwa kinywa chako ndiyo au hapana. Na kama utamtaka, mtake. Usije ukamwambia mwanao siku moja kwamba ulimfanyia yeye, ni mzigo mzito kumtwisha mtoto.

Mahari nayo ifikirie vizuri. Usiseme "chochote atakachonipa".

Nakatisha hapa. Baba yako anagonga mlango, anataka mafuta yangu ya cherehani apake mnyororo wa baiskeli. Nimemwambia aombe vizuri. Anaomba.

Tarehe nitumie leo.

Mama yako