Maswali ya magugu: ndago, kiduha na chini ya mikorosho

Haya wadau, simu imejaa maswali, leo najibu ya magugu tu.

Wa Masasi: Ndago nimezilima mara tatu msimu huu, bado zinarudi. Nifanyeje?
Pole mkubwa, ila hapo we mwenyewe ndo unazipanda. Ing'oe moja taratibu uifuate chini, utakuta vinundu vyeusi vimeshikana kama shanga, sasa jembe likipita linakata ule uzi na kila kinundu kinachipua kivyake, ilikuwa moja zinakuwa sita. Ngoja kiangazi, Agosti hivi jua likichoma kwelikweli, geuza udongo vinundu vibaki juu vikauke, baada ya wiki mbili tatu geuza tena. Mvua zikianza panda kunde au viazi vitamu vitambae vifunike, ndago haiwezi kivuli. Mwaka mmoja haziishi lakini, nisikudanganye.

Wa Nachingwea: Ufuta umeota pamoja na majani, nipige glifosati, ile dawa ya kuua magugu?
Usithubutu! Ile haichagui, na ufuta unaondoka. Unapiga kabla ya kupanda, majani yakiwa mabichi, tena kwa maji masafi maana ya tope yanaiua nguvu. Sa hivi shika jembe tu, ufuta unakua pole pole mwanzoni, wiki ya tatu isikukute hujapalilia.

Wa Newala: Mahindi yamedumaa, chini yake kuna vimaua vyekundu vizuriii. Ni mbolea?
Hivyo vizuri ndo vinakula mahindi yako dada. Ni kiduha, kinajishika kwenye mizizi ya mahindi na kunyonya huko huko chini kabla hata hujakiona. Ng'oa vyote leo uchome, kikikomaa mche mmoja unamwaga maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi na zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Mwakani hapo weka karanga au kunde, mizizi yake inaziamsha hizo mbegu, zinaota, zinakosa pa kujishika, zinakufa.

Wa Tandahimba: Chini ya mikorosho nifyeke nyasi lini?
Mvua zikikatika tu, Mei Juni, kabla ya maua. Mi mwaka juzi niliahirisha nikisema vibarua wamepandisha bei, kumbe jirani anachoma shamba lake, moto ukaingia kwenye nyasi zangu ukanilia mikorosho minne. Halafu Oktoba korosho zikianza kudondoka nikawa naziokota kwa kupapasa kwenye nyasi zilizobaki.