Jibu: Kutoka dawati la kimataifa kwenda mawasiliano ya sera

Ndugu, umeuliza kama miaka sita ya kuhariri habari za kimataifa hapa Kampala inatosha kuombea kazi ya mawasiliano ya sera. Inatosha, ila kalamu itabidi ijifunze adabu mpya. Gazetini tulikuwa tunawinda mvutano. Huku kwenye sera, mkubwa anataka kurasa mbili za kumwambia afanye nini, na jina lako halitokei popote (liliniuma mwanzoni, sikufichi). Chagua eneo moja ulijue hadi vifungu. Mimi niliung'ang'ania Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999. Kongo ya Kinshasa ilipojiunga 2022, simu zikaanza kuja. Na Kiswahili chako usikiache nyumbani, Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya, utakihitaji.