Uliza Mwalimu: Wanafunzi 70, vitabu 14, na klabu ya riwaya darasani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha Kiswahili kidato cha tatu, shule ya kata hapa Moshi, nje kidogo ya mji. Darasa lina wanafunzi 70 na vitabu vya riwaya ya Takadini vipo 14 tu, vingine kurasa za mwisho zimeshang'oka. Nikawagawa vikundi wajadili riwaya kama klabu, basi wanachofanya ni kufungua desa, zile notisi za uchambuzi walizonunua stashonari, mmoja anasoma "dhamira ya kwanza, nafasi ya mwanamke katika jamii", mwingine anaandika, waliobaki wanapiga stori za mpira. Mwenzangu wa ofisini anasema napoteza muda, niwaandikie notisi ubaoni wanakili yaishe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwalimu wangu, pole na kazi. Huyo wa ofisini mwache kwanza, tutamrudia.

Shida yako wala sio vitabu 14. 70 gawa kwa 14 ni watano watano, yaani kikundi kizuri kabisa, ningekupa vitabu 70 bado ningekwambia uwaweke watano watano. Shida ni swali unalowapa. Ukiwaambia "jadilini dhamira" watafungua desa, na wana haki, maana jibu lipo mle ukurasa wa pili limeshaandikwa na mtu wala halihitaji watu watano. Wape kitu ambacho desa halina. Kwenye riwaya, Sekai amekaa miaka bila mtoto, kampata Takadini, mtoto ana ualbino, mila ya kwao inataka mtoto auawe, mama anambeba anatoroka nae kijijini. Sasa waulize hivi: Makwati mumewe angeweza kufanya nini siku ile? Halaf kaa kimya. Utaona wa kwanza atasema angeondoka na mkewe, wa pili atamrukia kwamba aache ukoo na wake wengine na mashamba aende wapi, binti mmoja atauliza kwa hiyo shamba ni bora kuliko mtoto, hapo umemaliza kazi, kuanzia hapo wanagombana wenyewe na wewe kazi yako ni sentensi moja tu, "nionyeshe kitabuni". Akisema Makwati mwoga, afungue ukurasa asome. Hapo ndo wanarudi kwenye kitabu bila kulazimishwa, na wenye kurasa zilizong'oka watakimbilia kikundi cha jirani kuazima.

Ila angalizo, na hili naomba usilipite haraka. Kwenye darasa la watu 70 inawezekana kabisa kuna mwanafunzi mwenye ualbino, au mdogo wake nyumbani anao. Usimgeuze kuwa msemaji, ile ya "hebu fulani tuambie wewe unajisikiaje". Ongea nae pembeni kabla hamjaanza kitabu, na darasa zima lijue mapema maneno gani hayatumiki kwenye mjadala. Akitaka kuongea ataongea mwenyewe.

Kuhusu kusoma sasa. Kitabu kimoja watu watano, kikilala kwa mmoja wengine wanne hawasomi, kwa hiyo usitegemee sana kusoma nyumbani. Kama una vipindi viwili mfululizo, ile dakika 80, cha kwanza wasome kwa sauti ndani ya kikundi wakipokezana, cha pili wajadili. Na ukiwapangia pa kuishia usikate mwisho wa sura, kata pale mtu anapotaka kujua kitatokea nini, utakuta wanakimbizana na kitabu mapumziko. Kutoa kopi kitabu kizima hapana, najua kila stashonari wanafanya, ila aliyekiandika nae anakula.

Wale wa stori za mpira: dawa ninayoipenda ni vijiti vya kiberiti. Kila mtu anapewa vitatu, ukiongea unaweka kimoja katikati ya meza, vikiisha unanyamaza mpaka wenzio wamalize vya kwao. Yule kijana anayeongeaga kama redio anaishiwa dakika ya tatu, anabaki anamwangalia binti wa pembeni ambae tangu kidato cha kwanza hujawahi kumsikia sauti, na binti anaanza pole pole kwa sababu vijiti vyake bado viko mkononi na wote wanamsubiri. Usiviweke kila wiki lakini, wiki mbili tatu wakishazoea kusikilizana viache.

Utasikia pia habari ya kugawa majukumu, huyu wa maswali, huyu wa maneno magumu, huyu wa muhtasari. Hiyo aliyeieneza sana ni Harvey Daniels, mwalimu wa kule Chicago, kitabu chake kilitoka 1994, na kwenye toleo la 2002 mwenyewe akaonya kwamba zile karatasi za majukumu zikizoeleka mazungumzo yanakufa, kila mtu anasoma chake halaf anakaa. Mi nakubaliana nae. Tumia mwanzoni wakiwa hawajui pa kuanzia, basi. Na usitoe maksi kwa kuongea, ukianza tu maksi wataongea na wewe badala ya kuongea wao kwa wao.

Sasa yule wa ofisini. Mwambie mtihani wa taifa unauliza toa hoja kwa mifano kutoka riwaya mbili, na kinachowaangusha wengi ni mifano, hoja wamekariri. Mtoto aliyegombana na mwenzie kuhusu Makwati hasahau Makwati ni nani. Dakika kumi za mwisho kila mtu aandike aya moja, hoja na mfano wake, kwenye daftari, hizo ndo notisi zako. Na mkuu wa shule mpe taarifa mapema, asije akasikia kelele akaja na fimbo.

SWALI: Mwalimu habari. Nafundisha English, shule binafsi Arusha, riwaya ni ya Kiingereza na sheria ya shule hakuna Kiswahili mpaka getini. Klabu yangu ni kimya kama msiba. – Mwalimu, Njiro

JIBU: Nzuri, za kwako. Hao watoto mawazo wanayo, wanachokosa ni maneno, na hakuna mtu anaegombana kwa lugha anayoiogopa. Omba ruhusa kwa mwalimu wa taaluma, robo saa ya kwanza wabishane kwa Kiswahili, halaf kila kikundi kichague hoja moja waijenge kwa Kiingereza pamoja na kuisema mbele. Akikataa ruhusa, waache waandike kwanza dakika tano kabla ya kuongea, mtu mwenye sentensi mbili kwenye karatasi hanyamazi sana. Ila kwa kweli ningeipigania ile ruhusa.

SWALI: Binti yangu kidato cha pili, shuleni wana klabu wanabadilishana riwaya, kila saa kichwa kiko kitabuni na hesabu zinashuka. Nizuie? – Mama wa Sakina

JIBU: Mama, hesabu zikishuka muulize mwalimu wa hesabu kwanza, kitabu kinasingiziwa sana. Weka muda, kazi za shule kabla, riwaya baada. Na kama wasiwasi wako ni kilichomo ndani, kiazime akimaliza usome na wewe, halaf muulize mhusika gani kamkera. Vikimwishia, kama mjini kwenu kuna maktaba ya mkoa, nenda nae Jumamosi uulize kaunta utaratibu wa uanachama wa wanafunzi.